Chokaa ya Bwawa la Mama

Mabwawani, 2 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko ulipo, na kama hujaniamkia basi aibu yako. Nakuandikia kwa mkono kama enzi za mama kwa sababu ile simu uliyoninunulia imeingia bwawani. Ilinichomoka mfukoni nikiwa nimeinama kuangalia wavu, ikasema chubwi, na mpaka leo nadhani perege wanapiga soga nayo huko chini. Usinicheke. Dereva wa lori la vifaranga amekubali kuwa tarishi wetu. Akishachukua samaki wadogo kwangu anapanda mpaka ghalani kwenu kupakia mizigo, basi barua zitapanda na kushuka naye. Anaendesha utadhani amebeba mayai, lakini anafika.

Habari kubwa ni hii: maji yamekuwa ya kijani yenyewe! Unajua ninavyohangaika kila mwaka kumwaga samadi ili bwawa lipate ule ukijani wanaoula vifaranga. Safari hii sijatia hata ndoo moja, na bwawa la samaki wazazi limenona mpaka ukizamisha mkono huoni kiganja. Magugu ya ukingoni yamefika kiunoni. Mpwa wako anasema ni baraka za bibi yake. Mimi nasema ni mvua nzuri, ila sijambishia, aliyefiwa na bibi aachwe na lake.

Wale wazazi wenye mapezi mekundu wamenenepa, ungewaona. Unakumbuka mama alivyokuwa, anachagua wale wekundu kuliko wote anawatenga, hauzi hata mmoja, hapiki hata mmoja, hata tukilala na njaa. Kila kifaranga anayeogelea bonde hili ametoka kwao. Wiki hii madume wanachimba viota chini ya maji, kwa hiyo majike watataga. Shangazi, ambaye mabwawa yake yako chini ya yangu, ameshaniwekea oda.

Haya, lini unakuja? Tangu tumzike mama hujakanyaga hapa. Ghala halitaota miguu ukiliacha siku mbili. Au mtu akining'iniza funguo nyingi kiunoni anashindwa kutembea?

Dada yako,
Mama Vifaranga


Ghalani, 6 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka simu mpaka wenzangu wakaja kuuliza kulikoni. Nitakutafutia nyingine, lakini hiyo uifunge kwa kamba shingoni kama kengele ya mbuzi.

Huku tuko mbio mbio. Ni msimu wa kupanda, wakulima wanapanga foleni kuanzia alfajiri, na mimi na funguo zangu ndiyo napanda na kushuka. Zile mvua za mwanzo zilitusumbua kidogo, paa la ghala likavuja, lakini tumeshaziba. Hakuna la kukutia wasiwasi.

Nimefurahi kusikia bwawa limenona. Ila nakuomba kitu kimoja, usikasirike. Usitie samadi kabisa kwa sasa, hata konzi moja. Na kama inawezekana, funga lile bomba linaloingiza maji kutoka mtoni, kwa wiki moja au mbili, utumie maji yaliyomo. Najua utasema nani kanifundisha. Kuna mtaalamu alipita hapa akasema maji yakinona kupita kiasi si mazuri, basi nikakukumbuka.

Halafu, maji ya kunywa siku hizi mnachota wapi? Bado ni kile kisima kilicho kando ya mto? Nauliza tu.

Kuja nitakuja, mambo yakitulia. Meneja amenidokeza kwamba huenda nikapandishwa niwe msimamizi wa maghala yote. Kuna na nyumba ya kampuni, dada! Ina chumba cha wageni, na mgeni wa kwanza ni wewe.

Mdogo wako,
Kitinda


Ghalani, 7 Machi

Kwa Meneja,

YAH: MBOLEA ILIYOHARIBIKA NYUMA YA GHALA

Salaam. Naandika kukukumbusha kuhusu ile mbolea ya chumvichumvi iliyolowa paa lilipovuja, ikaganda kama mawe. Ulipoagiza tuivunje kwa nyundo na kuirundika nyuma, karibu na mtaro, ulisema itakaa siku chache tu. Sasa rundo limefika kimo cha dirisha na turubai limechanika. Kila mvua ikinyesha, maji yanatoka chini ya rundo yanaingia mtaroni, na mtaro wetu unaishia mtoni. Kila Jumamosi pia tunaosha sakafu kwa mpira, na maji hayo yanakwenda huko huko.

Jana nilishuka mpaka mtaro unapokutana na mto. Viluwiluwi wote wa pale wamekufa, wamejaa ukingoni kama makapi. Nimeogopa, sikufichi.

Dada yangu ana mabwawa ya samaki kwenye mto huo huo. Amelelewa na samaki hao, na mimi nimesomeshwa nao. Naomba kwa heshima zote tuhamishe rundo kabla mvua kubwa hazijaanza.

Wako mtiifu,
Mtunza ghala


Ofisini, 8 Machi

Mtunza ghala,

Nimesoma. Kwanza vuta pumzi. Mbolea ni chakula cha mimea, na mimi sijapata kusikia mtu aliyeshtaki kwa sababu amelishwa. Mto ni mkubwa, rundo ni dogo. Gari la kuhamisha halitapatikana mpaka msimu uishe.

Nikukumbushe kirafiki kwamba funguo za ghala na za uzio wa nyuma unazo wewe, na aliyewasimamia vibarua wakivunja na kurundika ni wewe. Ikija kuandikwa ripoti, jina la kwanza kusomwa halitakuwa langu. Jina lako hilo hilo liko kwenye barua ya kupandishwa cheo hapa mezani, ambayo bado sijaisaini. Kwa hiyo tuvumiliane.

Dada yako msalimie. Akivua, nasi atukumbuke.

Meneja


Mabwawani, 14 Machi

Kitinda,

Marahaba. Eti usitie samadi, eti funga bomba! Ala! Nimekubeba kwenye kingo hizi hizi ukinikojolea mgongoni, leo unanifundisha bwawa? Nikifunga bomba kwa jua hili nitabaki na uji. Huyo mtaalamu wako aje ashike chepe nimwone. Na maji ya kunywa tunachota kisimani, wapi tena? Una maswali ya ajabu siku hizi.

Lakini ngoja nikuambie, maana sina mwingine wa kumwambia na mpwa wako nikimwambia ataogopa. Mambo hayako sawa hapa. Juzi asubuhi nimekuta konokono wametoka majini. Wote. Wamepanda mabua ya matete mpaka juu kabisa, wamebana huko, jua linawachoma na hawashuki. Nilimchukua mmoja nikamrudisha. Akajifunga, akazama. Jioni nikapita tena, waliobaki juu walikuwa bado wako juu.

Vyura nao wamenyamaza. Unazijua kelele za vyura wa hapa, mama alikuwa anawarushia viatu. Sasa jioni ni kimya mpaka nasikia saa ya ukutani ikitembea. Kerengende sijamwona hata wa dawa.

Na wale wazazi wekundu wanakuja juu alfajiri, wanafungua midomo hewani kama watu waliotoka kukimbia. Nikiwatupia chakula hawageuki. Nimemshika mmoja nikamfunua mashavu, badala ya wekundu nikakuta rangi ya maini yaliyolala. Shangazi anasema konokono wake nao wameanza kupanda.

Unajua mama alivyofanya bwawa likiugua. Bwawa likinuka, chokaa. Samaki wakikosa raha, chokaa. Haikumwangusha hata mara moja, na mimi haijaniangusha. Yangu imeisha. Nakuomba mifuko minne, huko kwenu si mnauza? Mpe dereva upesi. Nikiwapoteza hawa hakuna mahali pengine pa kuwapata, kazi yote ya mama itakuwa imekwenda na maji, na mimi nitabaki mama wa matope.

Dada yako,
Mama Vifaranga


Ghalani, 18 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Umeomba mifuko minne, nimempa dereva miwili. Chokaa imepungua hapa. Nakuomba sana uitie kidogo kidogo, tena usitie mchana jua likiwa kali. Kama unaweza kungoja wiki moja, ngoja. Huenda maji yakajisafisha yenyewe. Huenda hata usiihitaji.

Acha nikuchekeshe. Hapa ghalani chokaa ina chumba chake na ile mbolea ya chumvichumvi ina chumba chake. Ni sheria, haziruhusiwi hata kupakana ukuta. Mwaka jana vibarua wapya walipasua mifuko ya chokaa juu ya mbolea iliyomwagika sakafuni, na sakafu ilikuwa imelowa. Dada, ilitoka harufu, ghala zima tulilia kama tumefiwa! Huyo dereva wako alikuwepo, alitimka nje na kiatu kimoja, cha pili tukamrushia dirishani. Mpaka leo tukimwona tunamwita Kiatu Kimoja.

Ndiyo mambo ya huku. Ukiweza, watoe baadhi ya hao wazazi uwaweke kwenye beseni kwa maji ya kisima, kwa tahadhari tu. Wengine usiwasumbue.

Nilitaka kuandika zaidi lakini dereva anapiga honi.

Mdogo wako,
Kitinda


Mabwawani, 22 Machi

Kitinda,

Wamekufa.

Nilitia chokaa juzi. Najua ulisema kidogo, najua ulisema si mchana. Lakini tangu asubuhi walikuwa wengi juu ya maji, wengine wanaogelea ubavu, nikaona nikingoja nitakuwa nangoja nini? Nikafungua mifuko yote miwili. Nikamwaga kama alivyomwaga mama, kwa sahani ya bati, nikizunguka ukingo. Jua lilikuwa utosini. Dereva alikuwa amekuja kuchukua vifaranga, akashika sahani nyingine akanisaidia upande wa pili.

Haikuchukua muda. Maji yalichemka kwa samaki. Tangu nizaliwe kwenye mabwawa haya sijaona kitu kama kile. Walizunguka kama vichaa, wakajigonga kwenye kingo, wakaruka nje kwenye majani. Samaki anatoka majini kwa hiari yake, jamani! Ikanishika harufu puani, machozi yakanitiririka, na kifua kikabana. Kisha kukawa kimya. Wakaelea matumbo juu, bwawa zima, na yale mapezi mekundu yametandazwa. Mpwa wako alikaa chini kwenye matope akakataa kuinuka.

Tumewatoa kwa matenga mpaka jua likazama. Hatukula, hatukuuza. Tumewazika kule nyuma, karibu na mama.

Jambo moja tu nilikusikiliza. Asubuhi ile niliwatoa majike wanne na dume mmoja nikawaweka kwenye beseni la kufulia, kwa maji ya kisima. Hao ni wazima. Hao watano ndio bwawa lote la mama lililobaki duniani.

Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu unashinda na vitu hivi kila siku na mimi ni mtu wa matope. Niambie ukweli. Ni mimi niliyewaua? Ni mkono wangu huu? Chochote utakachosema nitakikubali. Usinifiche, nijibu upesi.

Dada yako


Ghalani, 25 Machi

Dada yangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Usijilaumu. Nimeuliza watu wanaojua. Wanasema chokaa ikizidi majini huwachoma samaki mashavu, hasa mchana. Mifuko miwili kwa mpigo mmoja ilikuwa mingi. Ulifanya kwa mapenzi, kama mama, ila chokaa ya mama nadhani ilikuwa hafifu, hii ya kiwandani ni kali. Ni bahati mbaya tu. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Wale watano waache kwenye beseni, usiwarudishe bwawani mpaka nikuambie.

Nilitaka nikupe habari hii kwa furaha, lakini basi. Meneja ameisaini ile barua. Nyumba nimeshakabidhiwa. Njooni mkae nasi, wewe na mpwa wangu, mwachane na matope. Umehangaika vya kutosha. Kile chumba kina dirisha kubwa, utapenda.

Mdogo wako,
Kitinda


Mabwawani, 28 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako haina shikamoo. Ni ya kwanza tangu ujue kuandika. Nimeliona hilo kabla ya yote.

Nilikuuliza nikiwa najua. Siku ile, tulipokuwa tunamwaga chokaa, dereva aliachia sahani ikaanguka. Akabana pua, akaniambia, "Mama Vifaranga, harufu hii mimi naijua. Hii ndiyo ile ya ghalani, siku niliyokimbia na kiatu kimoja. Humu majini kuna mbolea." Nikakumbuka kichekesho chako. Nikaenda ndani nikakisoma tena. Chokaa chumba chake, mbolea chumba chake, haziruhusiwi hata kupakana. Ulikuwa unanichekesha na mifuko iko tayari kwenye lori.

Kesho yake nikapanda na dereva mpaka huko kwenu. Akanishusha darajani, nikaufuata mtaro kwa miguu mpaka kwenye uzio wenu. Nikaliona rundo na turubai lililochanika. Maji yalikuwa yanachuruzika chini yake, nikachovya kidole nikaramba. Chumvi kali, ulimi ukafa ganzi. Nikainua macho, nikakuona dirishani. Umevaa lile shati la bluu nililokushonea, unapuliza chai.

Nusura nikuite. Nikajikaza. Nikasema, hapana, huyu nimemlea mimi, nikimkurupusha atajibu kwa woga. Nimuulize kwa barua, akae peke yake na kalamu, atasema. Nikarudi nyumbani nikakuandikia. Kila siku nikawa nalingoja lori kama mtoto anayengoja kununuliwa viatu. Na umenijibu kwamba ni mimi.

Samaki nimeshawalia nikamaliza. Sasa nakulilia wewe. Ungeniambia maneno manne tu, "dada, mtoni kuna mbolea", ningefunga bomba siku hiyo hiyo, na hiyo chokaa ningeitupa mbali kama nyoka. Ulijua bwawa linaumwa nini, ukanipa kitu cha kulimalizia, ukaniambia nitie kidogo. Kidogo! Najaribu kukuchukia na nashindwa, na hilo nalo linaniuma.

Sikiliza. Konokono wa shangazi wote wako juu ya matete. Chini yake kuna mabwawa mengine, na ya wengine chini ya hayo. Mawingu yamejazana upande wenu na lile turubai ni matambara. Nimewaambia wenye mabwawa wote. Alhamisi ijayo asubuhi tunakuja na machepe na magunia, rundo tunalihamisha wenyewe. Tunataka mtu mmoja tu wa kutufungulia uzio, na kusema mbele yetu na mbele ya meneja wako kile ni kitu gani, na kimekaa pale tangu lini, na nani aliagiza.

Mtu huyo ni wewe.

Dada yako


Ghalani, 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kukuandikia lakini naandika.

Humu kwenye bahasha kuna funguo mbili. Ile kubwa ni ya geti, ndogo ni ya uzio wa nyuma. Alhamisi meneja atakuwa safarini mpaka mchana. Fungueni, chukueni, fungeni, mwondoke. Mimi nitaomba ruhusa ya ugonjwa, nitakuwa nyumbani nimelala. Wakiniuliza nitasema funguo ziliibwa. Hakuna atakayeumia.

Nielewe, dada. Niliandika kwa meneja mapema kabisa, nilimwomba. Akaniambia jina la kwanza kusomwa ni langu, na ni kweli, mimi ndiye niliyewasimamia vibarua. Nilidhani mto utaibeba. Nilipotoa ile mifuko miwili badala ya minne nilijiambia nimekupunguzia. Nilijua, dada, nilijua, na mkono ukaandika "shikamoo" na utani wa kiatu kana kwamba si wangu.

Siwezi kusimama mbele ya watu wale. Mke wangu ameshatundika mapazia. Mvua ikianza kugonga bati naacha ninachofanya nasikiliza.

Kitinda


Mabwawani, 2 Aprili

Kitinda,

Marahaba.

Funguo zako hizo, nimezirudisha kwenye bahasha ile ile. Eti ziliibwa! Kwa hiyo samaki nimewaua mimi, na funguo nimeiba mimi. Sasa wewe utakuwa umefanya nini? Uzio wenyewe ni wa waya, shangazi na uzee wake angeuvuka akiwa na mzigo kichwani. Sikukuomba chuma. Nilikuomba wewe.

Umeeleza kuhusu mapazia. Na mimi nikueleze kuhusu beseni. Jana imenyesha mvua kubwa ya kwanza, mto umepanda ukaingia mpaka kwenye mawe ya kisima. Jioni nikachota maji pale nikawabadilishia wale watano, kama ninavyofanya siku zote. Leo alfajiri nimewakuta juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Wote watano.

Mwezi uliopita uliniuliza maji ya kunywa tunachota wapi. Nikakuona una maswali ya ajabu. Leo nimelielewa lile swali, na nimeelewa kwamba uliliuliza kabla ya konokono, kabla ya chokaa, kabla ya kitu chochote. Jibu langu ulilipata. Ukanyamaza.

Nilipotoka kwenye beseni nikaingia ndani nikamkuta mpwa wako anaweka kikombe cha maji chini, ameshakunywa, anafunga viatu vya shule. Nimemvua viatu. Hakuenda shule.

Alhamisi ni mbali. Nimemwomba dereva aache vifaranga vya watu, apakie watu wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ameahidi kukimbiza gari. Barua hii naimalizia magotini, kalamu inarukaruka, nisamehe mwandiko. Nyuma tumejaa na machepe yetu, shangazi yuko katikati anagombana na kila mtu. Mpwa wako amekaa mbele, ameshika beseni mapajani na kulifunika kwa shati lake, anataka kukuuliza yeye mwenyewe kama anaweza kuumwa.

Anayekukabidhi barua hii ni Kiatu Kimoja. Ukimaliza kusoma, inua macho. Lori liko getini.

Njoo ufungue.

Dada yako,
Mama Vifaranga